Uso wa Kukodi

Sehemu ya Sita

"Ni kweli kabisa, dada yangu. Acha sindano, mnyweshe unga."

Maneno hayo yalikuwa chini ya video, na kando yake palikuwa na jina la Koleta Nibizi na picha ya Koleta Nibizi. Lakini Koleta Nibizi hakuyaandika. Hapo ndipo tulipomwacha juma lililopita, amesimama jikoni kwake Ng'ambo, mjini Tabora, simu mkononi, maharage yakianza kushika sufuria.

Kwa msomaji anayeketi nasi leo kwa mara ya kwanza, mambo ni haya. Koleta, ambaye wengi humwita Mama Ciza kwa jina la mwanawe, hutengeneza video fupi kwa simu yake. Hushika sabuni, malapa au taa ya jua, akaisifu, na kampuni humlipa kwa sababu ana uso wa mtu wa kawaida ambaye watu humwamini. Mwezi uliopita alirekodi video ya unga wa majani uitwao Mizizi Kumi na Mmoja. Alisema kwamba aliugua kisukari miaka mitatu, na kwamba unga huo ulimponya. Koleta hajaugua kisukari hata siku moja. Aliyasoma maneno aliyopewa.

Aliyeuliza chini ya video hiyo, "Koleta, ni kweli?" alikuwa Agnetha, rafiki yake tangu utotoni Ulyankulu, kwenye makazi ya Warundi, ambaye sasa ameolewa Tura. Agnetha ana mtoto mmoja tu, Julieth, mwenye miaka kumi na miwili. Julieth huchomwa insulini kila siku. Akikosa sindano hiyo, haishi.

Na swali hilo liliulizwa siku tano zilizopita.

Koleta aliipua sufuria, akampigia Agnetha. Simu ilikuwa imezimwa. Akapiga tena, na tena. Alipopiga mara ya saba alikuwa tayari barabarani, na mlango wa nyumba yake ulibaki wazi nyuma yake.

Ofisi ya Ezekia Lugembe ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vipuri vya baiskeli, karibu na soko kuu. Ezekia alikuwa mtu wa makamo, mpole wa maneno, na ndiye wakala aliyemwingiza Koleta katika kazi hii. Koleta alimkuta akifunga taa ya kurekodia katika begi.

"Karibu, Mama Ciza. Mbona unahema?"

"Nani anajibu watu kwa jina langu?"

"Kampuni. Ina watu wa kazi hiyo."

"Wamemwambia Agnetha aache kumchoma mtoto sindano. Futa, kaka Ezekia. Futa sasa hivi, mbele yangu."

"Siwezi. Akaunti ni ya kampuni."

"Ina jina langu."

"Jina lako, uso wako na sauti yako, kwa miaka mitano. Karatasi ya nne ya mkataba. Saini yako ninayo kabatini, na nzuri kweli."

Saini aliweka, hilo haliwezi kukanushwa. Maisha yake yote Koleta alizoea kusukumiwa pedi ya wino ili abonyeze dole gumba, huku karani akitazama pembeni. Alijifunza kusoma akiwa na miaka thelathini, katika darasa la watu wazima. Siku ya mkataba alipewa kalamu bila kuulizwa kama anajua kuandika. Furaha ya kupewa kalamu ilikuwa kubwa mno hata akasaini karatasi zote sita kwa mwandiko wa kuunganisha, na hakuisoma hata moja mpaka mwisho.

"Basi nitawaambia watu kwamba nilidanganya."

"Tumefanya video ngapi, mimi na wewe?"

"Ishirini na sita."

"Ishirini na sita. Siku ya sabuni uliniuliza kama inatoa madoa?"

Koleta alilitazama begi la taa.

"Hukuniuliza. Uliuliza tu kama kitambaa cha kichwa kimekaa sawa."

"Sabuni haiui mtu."

"Na majani hayaui mtu. Tena huyo rafiki yako ana furaha kuliko wewe. Kaa hapo utazame." Ezekia aligeuza kompyuta yake. "Hii ameirekodi mwenyewe, kwa simu yake. Sikumfundisha hata neno."

Katika kioo alionekana Julieth. Alikuwa amevaa gauni lake la Komunyo ya Kwanza, na gauni ambalo lingepaswa kumbana lilimning'inia mabegani.

"Mimi naitwa Julieth, binti wa Kornel, wa Tura," alisema mtoto. "Leo ni siku ya tatu sijachomwa sindano."

Koleta aliinama karibu na kioo.

Ulyankulu, katika sala za jumuiya, mtu anayesimama kutoa ushuhuda hutaja kwanza jina lake, kisha jina la baba yake, kisha mahali anapotoka. Akisema uongo baada ya hapo, aibu haimshukii yeye peke yake. Inamshukia baba yake na inawashukia watu wa kwao. Koleta hajawahi kumsikia mtu akithubutu. Lakini siku ile, mbele ya simu, hakujua video ianzeje, na mdomo wake ukaanza wenyewe: "Mimi ni Koleta Nibizi, binti wa mzee Ndayiragije, wa Ulyankulu." Ezekia alipiga makofi, akasema hajapata kuona mwanzo mzuri kama huo.

Watu wengine waliona tangazo. Watu wa kwao, popote walipokuwa, walisikia kiapo. Sasa mtoto wa Agnetha alikuwa akikirudia.

"Irudishe nyuma," alisema Koleta.

"Ya nini?"

"Irudishe, kaka."

Video ishirini na sita zilikuwa zimemfundisha Koleta kutazama picha. Alijua mwanga mbaya, alijua tabasamu lililolazimishwa, alijua midomo iliyopakwa mafuta na midomo mikavu. Aliitazama mara ya pili, akaziba masikio yake ili macho yafanye kazi peke yake. Katika sekunde arobaini Julieth alikunywa maji mara tatu. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Macho yalikuwa yamezama. Na mabega yake yalipanda na kushuka, yakapanda na kushuka, kama ya mtu aliyekimbia mbio ndefu, ilhali mtoto alikuwa ameketi kwenye mkeka.

"Huyu mtoto anakufa."

"Amepungua tu. Unga unatoa maji mabaya mwilini, imeandikwa kwenye kopo."

"Video hii ni ya lini?"

"Jana asubuhi."

Basi leo ilikuwa siku ya nne.

Ezekia alifunga kompyuta, akatundika begi begani. "Nina kazi saa nne, Mama Ciza. Nenda nyumbani ukapumzike. Ukiharibu jambo hili, hutapata kampuni nyingine itakayokupa hata sabuni ya kufulia."

Koleta hakumsikia. Alikwisha kufika nusu ya ngazi, akitafuta katika simu namba ya mzee Mathias, mwenye duka lililo jirani na stesheni ya Tura.

"Shikamoo, mzee Mathias. Ni Koleta, rafiki wa Mama Julieth."

"Marahaba, mwanangu. Koleta wa kwenye simu? Hapa tunakutazama kila siku."

"Mzee wangu, nakuomba, nenda nyumbani kwa Agnetha sasa hivi. Mwambie amchome mtoto sindano. Mwambie mimi ndiye niliyesema."

"Nyumbani kwake nifuate nini? Hayupo."

"Yuko wapi?"

"Kapanda treni na mtoto wake. Wanakuja kwako. Kwani hujui? Ametuonyesha ujumbe wako, kwamba utawapokea Tabora saa nne, mtoto apigwe picha kubwa."

Ezekia alimpita kwenye ngazi, begi begani, akaenda zake.

"Baba yake yuko?"

"Kornel yuko Igunga, anachunga ng'ombe za watu. Hana habari. Mwanangu, nikuulize. Nimewauzia chupa tatu za maji wakati treni imesimama. Mtoto kazimaliza zote kabla haijaondoka, akatapika dirishani. Huo unga ndivyo unavyofanya?"

"Hapana, mzee. Ndivyo sukari inavyofanya."

Saa ya simu ilionyesha saa tatu na dakika arobaini. Barabarani, Ezekia alikuwa akipanda bajaji.

Chini ya ngazi, juu ya pikipiki yake, alikuwapo Masolwa, Msukuma mwenye mwili mkubwa na mdomo usiopumzika, ambaye humbeba Koleta kila anapokwenda sokoni.

"Stesheni, Masolwa. Haraka."

"Wewe na haraka mmefahamiana lini? Juzi tumepatana bei nusu saa nzima kwa safari ya dakika tano."

"Leo sipatani."

Masolwa aligeuka kumtazama. "Mrundi hapatani bei. Basi kuna msiba."

"Bado," alisema Koleta.

Masolwa hakutania tena. Aliiwasha pikipiki, akakata kati ya mikokoteni ya viazi, akapita upande ambao haukuwa wake, na wauza nyanya wakamrushia maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa. Kabla hawajafika, Koleta alisikia honi ya treni. Walipofika, treni ilikuwa imekwisha kusimama na watu walikuwa wakishusha magunia, kuku na watoto kupitia madirishani.

Koleta alipita katikati yao. Aliiona taa ya Ezekia kabla hajamwona Ezekia mwenyewe. Ilikuwa imewashwa mchana kweupe, karibu na benchi, na mbele yake alisimama Agnetha katika kitenge chake cha Jumapili, akicheka na kujifuta machozi kwa wakati mmoja. Makopo mawili ya Mizizi Kumi na Mmoja yalikuwa miguuni pake. Julieth alikuwa ameketi kwenye benchi, kichwa kimeegemea ukuta, macho nusu yamefumba.

"Huyo hapo," alisema Agnetha alipomwona Koleta. "Nilimwambia huyu bwana kwamba lazima utakuja. Koleta wangu, njoo nikushukuru."

Alimkumbatia. Koleta alimshika mabega, akamsogeza mbali ili amtazame usoni.

"Insulini iko wapi, Agnetha?"

"Iko nyumbani, kwenye chungu chake cha mchanga wa maji, inapokaa kwenye ubaridi. Sina haja nayo tena."

"Nisikilize. Tunakwenda hospitali sasa hivi. Sijawahi kuugua sukari. Ile video ni maneno ya kampuni, nilipewa nikayasoma."

Kicheko cha Agnetha kilikauka. "Ulitaja jina la baba yako."

"Nililitaja."

"Mzee Ndayiragije aliyemsimamia mtoto wangu ubatizo, aliyelala kaburini, ukamsimamisha ashuhudie uongo?"

"Ndiyo."

"Kwa sababu gani?"

"Walinilipa."

Agnetha alitikisa kichwa taratibu. "Hapana. Mimi nakufahamu. Tumelala mkeka mmoja, tumekula sahani moja. Huwezi kufanya hivyo hata wakikupa ng'ombe mia. Kama kuna siku unadanganya, basi ni leo."

"Mama Julieth, usimlaumu," alisema Ezekia kwa sauti ya huruma, simu yake ikiwa imeinuliwa. "Kuna kampuni nyingine imemfuata. Wamemwahidi mengi ili auchafue unga wetu. Anatia huruma."

"Ni kweli, Koleta? Wamekutisha?"

Hebu fikiria, msomaji. Mwanamke huyu alikuwa akisema kweli kwa mara ya kwanza tangu mwezi uliopita, na aliyemzuia asiaminiwe alikuwa yeye mwenyewe, Koleta wa kwenye video. Sifa yake njema yote, miaka yake yote ya kuishi bila hila, ilikuwa imekwisha kutumika upande wa uongo.

Alitafuta njia. Akaona mfuko wa Agnetha, na ndani yake kile kipimo kidogo cha sukari ambacho Agnetha hutembea nacho tangu Julieth alipougua.

"Nipime," alisema Koleta.

"Nini?"

"Nipime mimi. Kipimo hakina kampuni. Utaona mwenyewe kwamba sina sukari."

Ezekia alisogea hatua moja karibu, na simu yake ikasogea pamoja naye.

"Kijiti cha kupimia kimebaki kimoja," alisema Agnetha. "Nilikitunza cha mtoto. Tumeambiwa tusimpime mpaka siku ya nane, maana siku za mwanzo unga unakichanganya kipimo."

"Nani amekwambia hivyo?"

"Wewe. Kwenye ujumbe."

Koleta alinyoosha kidole. Agnetha alikitoboa kwa ustadi wa mama aliyekwisha kutoboa kidole kidogo zaidi maelfu ya mara. Tone la damu liliingia katika kijiti. Wasafiri wawili watatu walikuwa wamesimama kutazama. Kipimo kilihesabu, kikalia, kikatoa jibu.

Tano nukta mbili, sukari ya mtu mwenye afya.

"Umeona?" alisema Koleta. "Umeona sasa? Sina sukari."

Agnetha alikishika kipimo kwa mikono miwili. Machozi yalimdondoka juu ya kioo chake.

"Nimeona," alisema. "Umepona."

Wasafiri wakashangilia. Mama mmoja mwenye kikapu cha karanga aliinama akaokota kopo moja, akaanza kusoma maandishi yake. Ezekia aliizungusha simu polepole, kutoka kwenye kipimo, kwenda kwenye uso wa Agnetha, kwenda kwenye kidole cha Koleta ambacho kilikuwa bado kinatoka damu. Ilikuwa video bora kuliko zote ishirini na sita, wala hakumpa mtu hata neno moja la kusoma.

"Sasa mpime Julieth," alisema Koleta.

"Kwa kijiti kipi? Kilikuwa kimoja."

Koleta alimwacha Agnetha, akamwacha Ezekia na taa yake, akapiga magoti mbele ya benchi. Pumzi ya mtoto ilimfikia usoni. Ilikuwa na harufu tamu iliyochacha, kama ndizi zilizosahauliwa kapuni.

"Julieth. Mwanangu. Unanisikia?"

Macho yalifunguka kidogo. "Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Unajisikiaje?"

"Nina kiu."

"Nakwenda kukutafutia daktari. Ninakuomba umwambie mama yako akubali."

Julieth alivuta pumzi, ndefu, nzito. Alisema neno moja, akapumzika, akasema jingine.

"Mama mdogo, mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Krismasi ulikuja kwetu. Ukatia sukari kwenye chai. Vijiko vinne. Mimi nilikuwa natazama, kwa sababu mimi sitiagi." Akapumzika. "Kwenye video umesema uliugua miaka mitatu. Nikahesabu. Haikulingana."

Agnetha alikuwa amesogea. Kipimo kilikuwa bado mikononi mwake.

"Julieth, unasema nini wewe?"

"Na wewe ulikuwapo, mama. Ulimpa wewe hicho kijiko. Ulimtania kwamba atamaliza kopo zima."

Yule mama wa karanga alilirudisha kopo chini taratibu.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza Agnetha. "Mwanangu, kwa nini hukuniambia?"

"Nilichoka kuchomwa." Mtoto alifumba macho. "Na wewe uliacha kulia usiku."

Kichwa chake kiliteleza ukutani. Koleta alimdaka kabla hajafika chini, na alipomwinua alishangaa, kwa sababu mtoto wa miaka kumi na miwili alikuwa mwepesi kama debe tupu.

"Mana yanje," alisema Agnetha kwa Kirundi cha mama yake. Mungu wangu. Alilisema mara nyingi, kila mara kwa sauti ndogo zaidi, huku akifungua na kufunga mfuko wake kana kwamba insulini ingeweza kuwamo.

"Tulieni kidogo," alisema Ezekia. "Ni uchovu wa safari. Mpeni nafasi apate hewa. Mama Julieth, usihofu, hali hii huwa inatokea kabla ya…"

Agnetha aligeuka. Hakumpigia kelele. Aliikamata ile taa kwa mkono mtupu, ingawa ilikuwa ya moto, akaielekeza usoni kwa Ezekia mwenyewe.

"Jirekodi wewe," alimwambia. "Anza na jina la baba yako."

Nje ya geti, Masolwa alikuwa akisubiri. "Hujanipa nauli ya…" alianza, kisha akaona mikono ya Koleta imebeba nini. Alimeza maneno yaliyobaki, akasogea mbele mpaka akakalia tangi la mafuta.

"Mweke katikati. Nyuma apande mmoja tu, tukiwa wanne tutaanguka."

"Panda wewe," Agnetha alimwambia Koleta. "Wewe mikono yako haitetemeki. Mimi nitafuata. Nenda. Mbona unanitazama? Nenda."

Pikipiki iliondoka. Koleta alimkumbatia mtoto kwa nguvu dhidi ya mgongo mpana wa Masolwa, na njia nzima alikuwa akihesabu pumzi zake kwa sauti. Moja. Mbili. Kati ya pumzi ya kumi na mbili na ya kumi na tatu pakapita muda mrefu mno, naye akamwambia Masolwa aongeze mwendo.

Hospitalini hawakuulizwa kadi. Muuguzi aliyekuwa mlangoni alimtazama Julieth mara moja tu, akaita watu. Mtoto aliwekwa kitandani, dripu ikatundikwa, kidole kikatobolewa. Mashine haikutoa namba. Ilitoa maandishi tu, yenye maana kwamba sukari ilikuwa imepita pale inapoweza kuhesabu.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mikono yake haikusimama alipokuwa akiuliza.

"Wewe ni mama yake?"

"Mama yake yuko njiani. Mimi ni mama yake mdogo."

"Amechomwa insulini mara ya mwisho lini?"

Koleta alitazama nyuma yake. Mlango ulikuwa wazi. Katika ukumbi walikaa watu kwenye mabenchi, wamenyamaza, kama watu wa hospitali wanavyonyamaza.

"Siku nne," alisema kwa sauti ya chini.

"Sikusikii, mama. Mashine inapiga kelele. Sema kwa sauti."

"Siku nne."

"Kwa nini aliachishwa? Kuna kitu kingine amepewa?"

"Unga. Wa majani."

"Unga gani? Ninahitaji kujua kilichomo. Kama kimegusa figo, dawa ninayompa sasa inaweza kumdhuru. Unaufahamu huo unga?"

Koleta aliutazama uso wa Julieth. Ulikuwa na rangi ya jivu, na kope zake hazikutikisika. Nje ya mlango watu walikuwa wakisikia. Kama angesema kwamba haufahamu, hakuna ambaye angejua, na pengine daktari angekosea.

"Ni Mizizi Kumi na Mmoja," alisema, na safari hii alisema kwa sauti ile ile iliyozoea kutoka katika simu za watu, sauti iliyo wazi, isiyoyumba. "Kilichomo sikijui. Kwenye kopo wameandika mizizi tu. Mimi ndiye niliyeutangaza kwenye video, nikasema umeniponya, lakini sijawahi kuunywa. Rangi yake ilikuwa mbaya kwenye picha, kwa hiyo siku ya kurekodi kikombe changu kilikuwa na chai ya rangi."

Mikono ya daktari ilisimama. Kwa mara ya kwanza alimtazama Koleta usoni, akamtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyo kawaida.

"Lete majibu ya figo ya wale wawili wa juzi," alimwambia muuguzi. "Huyu ni wa tatu."

"Wa tatu?" aliuliza Koleta. "Hao wawili wako wapi?"

Muuguzi aliinamisha kichwa, akatoka haraka bila kumjibu.

Katika ukumbi, benchi lililia. Mwanamke aliyekuwa ameketi hapo tangu asubuhi, na kanga ya mtoto iliyokunjwa vizuri mapajani, bila mtoto, alisimama. Alitembea polepole mpaka mlangoni, kanga ikiwa kifuani pake. Hakumtazama daktari, wala hakumtazama mgonjwa.

"Mama," alimwambia Koleta, kwa upole sana, "sisi tumetoka Ziba. Hayo ya chai ya rangi, ninakuomba uyarudie. Mume wangu yuko hapa nyuma yangu, na yeye ayasikie."